Utelezi wa Mzee Urbani

Kwa karibu wiki mbili watu walimsifu Hilaria kwa jambo lililokuwa likiwakata matumbo. Siku za mwanzo alizipokea sifa hizo kwa raha zake, maana hakujua. Siku mbili za mwisho alijua, akanyamaza, na hizo mbili ndizo zilizomtafuna.

Hilaria alikuwa mpiga picha za eksirei katika kituo cha afya cha misheni, kando ya ziwa, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Mbaha. Alikuwa Mmatengo wa Mpepai, milimani kwenye kahawa, mama wa watoto watatu, na stashahada yake ya chuo aliitundika ukutani chumba cha mashine ili anayetaka kubishana aisome kwanza. Watu walimwita Mama Alex. Hakuwa mtu wa kuzunguka maneno. Mgonjwa akiingia na tope miguuni, alirudishwa nje. Muuguzi akiacha kikombe mezani, alisikia habari zake mbele ya wagonjwa.

Ilikuwa mwaka tisini na nne. Kule milimani wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kupanda na malori yao, na huku ziwani kila taasisi ilitafuta wafadhili wake. Kituo kiliambiwa kwamba Alhamisi watakuja wageni kutoka ng'ambo kuona kama panastahili kujengewa wodi mpya ya wazazi. Mganga mkuu, Elias, mtu wa Dodoma aliyehamishiwa pale mwaka uliotangulia, aligawa kazi za usafi. Nyuma ya kituo, pale kwenye matangi ya maji, alimpa Mama Alex.

Matangi yalikuwa mawili, ya saruji, yaliyojengwa na bruda mmoja, mtawa aliyekwisha kurudi kwao. Maji ya kijito yaliingia juu, yakashuka polepole kupita mchanga mwembamba wenye kina cha kimo cha mtoto, kisha kokoto, yakatokea bombani, mahali ambapo kina mama wa kijiji kizima walipanga ndoo zao. Mlinzi wa matangi alikuwa Mzee Urbani, Mnyasa wa hapo hapo, aliyeishia darasa la nne. Kwa miaka kumi na minne alilala katika chumba kidogo kilichoungana na tangi la pili. Wiki ile hakuwepo. Dada yake alikuwa amefariki Lituhi, akaenda kuzika.

Hilaria alipanda ngazi, akachungulia tangini, akakunja uso. Chini ya maji, juu ya mchanga wote, ulikuwa umetanda utando wa kijani uliochanganyika na kahawia. Akatia mkono. Ulikuwa laini, unateleza kama ngozi ya kambale.

"Yesu na Maria," akasema. "Haya ndiyo tunayokunywa?"

Mtu wa ziwani pengine angeuliza kwanza. Hilaria hakuuliza, kwa sababu kwao Mpepai utelezi haukuwa na maswali. Kahawa ikishamenywa hulazwa majini mpaka ute wake uoze, kisha huoshwa, ikaoshwa tena. Utelezi ukibaki, kahawa inanuka na daraja linashuka. Baba yake alikuwa akipita nyuma ya watoto, anachota kiganja kimoja, anakifikicha karibu na sikio. Kahawa iliyotakata hukwaruza, huwa na mlio. Mtoto ambaye kahawa yake haikutoa mlio alirudi mtoni, hata kama jua linazama.

Kwa hiyo Jumatatu na Jumanne aliwakusanya vibarua wawili na kina mama waliokuwa wanauguza ndugu zao, wakafungulia maji yote yakaisha. Wakakomba mchanga wa juu kwa mabeleshi, shubiri nzima, tangi la kwanza na la pili. Wakauosha kwenye makarai, wakamwaga maji ya kijani, wakauosha tena. Hilaria alikuwa akipita nyuma yao. Alichota kiganja, akakifikicha sikioni.

"Bado. Rudia."

Jumanne alasiri mchanga ulitoa mlio. Ukarudishwa tangini, maji yakafunguliwa, na yaliyotoka bombani yalikuwa meupe, yanang'aa, na yalitoka kwa kasi ambayo hakuna aliyeikumbuka. Kina mama walipiga vigelegele.

Mzee Urbani alirudi usiku huo, na Jumatano asubuhi, foleni ikiwa imejaa, alitoka nyuma ya tangi.

"Nani kagusa mchanga wangu?"

"Mchanga wako?" Hilaria alikuwa anapita kwenda kazini. Alisimama. "Pole na msiba, mzee. Lakini mchanga huo ni wa kituo, na nimeusafisha mimi. Miaka kumi na minne unatunywesha makamasi!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Hildegardi, muuza samaki ambaye ulimi wake haukuwahi kuchelewa mahali popote, akadakia: "Mzee Makamasi! Kumbe ndiyo maana maji yalikuwa yanashuka taratibu, yalikuwa na mafua!"

Urbani alingoja wamalize kucheka. "Fungeni bomba," akasema. "Watu wasinywe maji haya bila kuchemsha. Wiki tatu."

"Wageni wanakuja kesho," Hilaria akamwambia. "Unataka wakute bomba limefungwa? Kalale, mzee, umechoka na safari."

Elias naye, aliyekuwa ametoka na mswaki mdomoni, aliyatazama maji, akamtazama Urbani, akasema bomba lisifungwe.

Wageni walikuja, wakayapiga picha maji ndani ya glasi, wakaondoka. Siku iliyofuata wakaletwa watoto watatu wanaoharisha damu. Jumapili walikuwa kumi. Katikati ya wiki vitanda viliisha, watu wakalazwa kwenye mikeka varandani, na mtoto wa Beata, jirani yake Hilaria, akawekewa dripu mkononi, mkono wenyewe mwembamba kama kidole cha mtu mzima.

Elias alitangaza kwamba maji ya kunywa yachemshwe. Waliomsikiliza hawakuwa wengi. Kuni zilikuwa mbali, na nani angechemsha maji meupe namna ile? Walisema ugonjwa umetokana na uchafu wa zamani wa Mzee Makamasi, uliokuwa umekwisha kuwaingia mwilini, na kwamba bila Mama Alex wangekuwa wanazikana. Yeye mwenyewe alisadiki hivyo. Watoto wake walikuwa wazima. Aliwaambia watu ni kwa sababu ya usafi. Hakukumbuka kwamba nyumbani kwake maji yalichemshwa siku zote, tangu Alex anazaliwa, kwa amri yake.

Jumamosi ya wiki ya pili kamati ya kituo ilikaa. Ilichukua muda mfupi. Mzee Urbani aliondoka kazini bila ruhusa ya maandishi, aliacha matangi yakaoza miaka mingi, na amesababisha maradhi. Aachishwe kazi, na Jumatatu awe ametoka katika chumba cha kituo. Hilaria ndiye aliyekuwa katibu, mwandiko wake ulikuwa mzuri, barua akaiandika yeye. Na kwa kuwa hakuna mwingine aliyependa kuipeleka, akaipeleka yeye.

Alimkuta mzee amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anafunga kamba godoro lake.

"Shikamoo, Mzee Urbani."

"Marahaba. Hiyo ni yangu?" Alivaa miwani iliyofungwa kwa uzi, akaisoma yote, bila haraka, akaikunja. "Mwandiko wako mzuri, Mama Alex."

"Nimetumwa na kamati. Na funguo, tafadhali."

"Funguo utapata. Kwanza nikuulize kitu cha kazi yako. Mwaka jana, ile mashine yako ilipoletwa, ulikataa kupiga picha siku tisa. Mimi nilikuwa nafagia pale. Ulikuwa unangoja nini?"

Hilaria alishangaa. "Bati. Kipande cha alumini. Mashine ilikuwa imetumika huko ng'ambo, ikaletwa bila bati lake."

"Na mganga akakwambia piga tu, bila bati mwanga utakuwa mwingi zaidi."

"Mwingi wa kumchoma mgonjwa bure. Miale iko ya nguvu, hiyo inapita mwilini na kuchora picha. Na iko dhaifu, haifiki kokote, inaishia kwenye ngozi na nyama. Bati linaikamata ile dhaifu kabla haijamgusa mtu. Nilimwambia Elias huwezi kuondoa kitu kwa sababu tu hujui kazi yake."

"Ndivyo ulivyosema," Urbani akajibu. "Nilikusikia. Nikajisemea moyoni, mama huyu tutaelewana. Sasa kwangu mimi bati ni ule utelezi."



"Una uhai," mzee akaendelea, sauti ile ile. "Bruda alinionyesha kwa darubini. Ni vijidudu visivyo na madhara, vinakula vile vinavyotuumiza. Mchanga mtupu unazuia majani na tope, ndiyo maana maji yako yanang'aa. Ugonjwa unapita. Mimi nikisafisha nakwangua unene wa kidole, tangi moja, la pili liendelee na kazi, na maji ya lile nililokwangua nayamwaga mpaka utando urudi. Wewe umeosha yote mawili."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Jumatano, pale bombani." Akamtupia funguo miguuni. "Ukasema makamasi."

Mtu mwingine yeyote kwenye kamati ile asingeelewa, au angebishana. Hilaria alielewa papo hapo, neno kwa neno, kama mtu anayesomewa daftari lake mwenyewe. Uso ulimwaka moto mpaka masikioni. Akachukua funguo, akasema, "Asante, mzee," neno la kijinga kabisa kwa wakati ule, akaondoka.

Jioni ile alijiambia kwamba atazungumza kesho. Kesho yake ilikuwa Jumapili. Kanisani padre aliwaombea wagonjwa, kisha akawashukuru wote waliojitolea kusafisha matangi, na watu wakageuka kumtafuta kwa macho, wakatabasamu. Hilaria aliinama kana kwamba anasali. Hakusali. Alikuwa anahesabu vichwa vya watoto kwenye benchi la mbele na kujiuliza wangapi watarudi nyumbani kunywa maji ya bombani. Wakati wa komunyo alibaki amekaa. Bibi mmoja akamnong'oneza, "Unaumwa, mama?" Akatikisa kichwa kuwa ndiyo, ikawa uongo mwingine juu ya ule wa kunyamaza.

Alipotoka alimkuta Beata mlangoni kwake na kisahani cha usipa mkavu, wale dagaa wa ziwani.

"Nimekuletea, Mama Alex. Mtoto amenyonya leo. Kidogo, lakini amenyonya. Bila wewe na mchanga ule sijui."

"Beata, sikia..."

"Pokea bwana, usinikatalie."

Akapokea. Alisimama na kisahani mkononi mpaka Beata akapotea nyuma ya nyumba. Alex, mwenye miaka kumi na sita na tabia ya mama yake ya kuuliza moja kwa moja, akamwuliza kwa nini analia wakati hakuna kitunguu. Akamwambia aende akaokote kuni.

Angeweza kunyamaza. Hilo ndilo lililomtia aibu kuliko kosa lenyewe: kwamba alilipima. Mzee angeondoka, utando ungerudi wenyewe, ugonjwa ungeisha, na sifa zingebaki zake. Aliipima biashara hiyo Jumapili nzima kama mtu anayepima kitambaa dukani, na mara mbili akaiona inafaa.

Jumatatu, kulipopambazuka tu, alikuwa mbele ya mlango wa Urbani. Mzee alikuwa amekwisha kufunga mizigo yake: godoro, jembe, sufuria mbili.

"Shikamoo. Nimekuja kuomba radhi, Mzee Urbani. Nimekosa mimi. Nitazungumza na Elias, barua ifutwe kimya kimya, na..."

"Umewahi sana, Mama Alex," Urbani akamkatiza. "Umewahi ili nani asikuone?"

Hilaria akageuka kutazama kama kuna mtu njiani.

"Ukiniomba radhi hapa, tutaisikia mimi na sufuria zangu tu. Makamasi sikuitiwa hapa. Niliitiwa pale kwenye foleni, watoto wanaimba mpaka leo. Foleni inaanza sasa hivi. Kama una neno, lipeleke pale. Kama huna, nipishe nifunge mlango."

Kina mama walikuwa wameanza kupanga ndoo. Hilaria alikwenda akasimama kwenye saruji ya bomba, akalifunga kwa mkono wake. Wengine wakadhani anataka kukagua ndoo.

"Sikilizeni," akasema. "Msinywe maji haya bila kuchemsha. Ni machafu."

"Haya meupe?" akauliza Hildegardi.

"Haya meupe. Ule utelezi niliouondoa ndio uliokuwa unaua wadudu wa magonjwa. Mzee Urbani alikuwa anautunza, na alituambia tufunge bomba. Nikamtukana. Sikuuliza, nilidhani naosha kahawa. Nimewapa ugonjwa mimi, siyo yeye. Na tangu juzi najua, nikanyamaza. Jana mlikunywa nikiwa najua."

Mmoja akacheka, kicheko cha mtu asiyeamini, na Hildegardi akapiga makofi mara moja.

"Hee! Kwa hiyo Mzee Makamasi alikuwa anatuponya, na mwenye stashahada anatuharisha!"

Wakacheka, wengi wao, kicheko kikali, na Hilaria akakaa nacho pale pale juu ya saruji, hakushuka. Beata ndiye hakucheka. Alikuwa mwisho wa foleni, akaacha ndoo yake, akaja mpaka mbele.

"Jana nimekuletea usipa."

"Nitaurudisha, Beata. Sijaugusa."

"Usirudishe," Beata akasema. "Utaula wote." Akachukua ndoo yake tupu, akaondoka.

Elias alikuja mbio, shati halijafungwa vifungo. "Mama Alex, njoo ofisini. Mambo haya yana utaratibu wake. Ripoti imekwisha kwenda kwa wafadhili!"

"Nitakuja. Barua ya mzee niliandika mimi, nitaandika nyingine. Lakini watu wachemshe maji kwanza."

"Siku ngapi?" akauliza mwanamke mmoja mwenye mimba. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu mwenye kazi za kufanya.

Hilaria hakujua kwa hakika. Ikabidi ageuke, mbele yao wote, amtazame Urbani aliyekuwa amesimama mlangoni kwake na jembe begani. "Mzee, naomba utuambie. Siku ngapi?"

Urbani aliwajibu kina mama, yeye hakumtazama. "Tangu alipoosha hesabuni wiki tatu. Mbili karibu zinaisha. Lakini mimi ndiye nitakayesema lini, siyo kalenda." Akaliweka jembe chini. Chumbani hakuhamisha kitu, ila hakumwalika Hilaria wala kumwambia yamekwisha. Alimwambia tu asikanyage tena ngazi za tangi, hata kwa kusalimia.

Kamati ilikutana tena mchana, ikawa na maneno mengi kuliko mara ya kwanza. Barua ilifutwa. Ukatibu alinyang'anywa. Kazi ya eksirei aliachiwa kwa sababu hapakuwa na mwingine. Na kwa kuwa waliokuwa foleni hawakuwa kijiji chote, iliamuliwa kwamba kila alasiri, akishafunga mashine, apite nyumba kwa nyumba kuwaambia watu wachemshe maji. Elias alipendekeza aseme tu kwamba kuna matengenezo. Urbani, aliyeitwa kutoa maelezo, akasema watu hawachomi kuni zao kwa ajili ya matengenezo. Waambiwe sababu.

Hilaria alidhani kulisema mara ya kwanza pale bombani kungekuwa ndiyo mwisho wa ugumu. Haikuwa hivyo. Nyumba ya tano ilikuwa ngumu kama ya kwanza, na ya ishirini ilizidi, maana habari zilimtangulia na watoto walimngojea njiani. Wapo waliomkaribisha kiti, na kiti kiliuma kuliko kusimama. Mwanamume mmoja alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango taratibu. Mmoja alimwuliza kama na picha anazopiga huwa anaziosha kwa kubahatisha.

Siku ya nne alifika kwa Bibi Agripina, mama mzee sana aliyeishi pembeni kabisa, karibu na vichanja vya kuanikia usipa. Masikio yake yalikuwa mazito. Hilaria alipaza sauti, akaeleza: utelezi, mchanga, ugonjwa, kosa lake. Bibi akaweka kiganja sikioni.

"Nani aliosha?"

"Mimi, bibi."

"Wewe ni nani?"

"Hilaria. Wa eksirei. Mmatengo."

"Na mzee wa maji ulimwitaje?"

"Makamasi."

Bibi Agripina akaanza kucheka, mabega yakamruka, akapangusa macho kwa ncha ya kitenge. Kisha akanyoosha shingo kuelekea vichanjani, ambako wakwe zake watatu walikuwa wanageuza samaki.

"Njooni! Njooni upesi mumsikie huyu!" Akamgeukia Hilaria, akapigapiga mkeka kumwonyesha mahali pa kukaa. "Anza mwanzo, mwanangu. Hawa hawajasikia."

Wakwe wakaja wakifuta mikono, wakakaa. Hilaria akaketi, akashusha pumzi, akaanza mwanzo.